Usiku Kwanza, Kisha Fisi

Kompyuta zilipofika shuleni kwetu, zilikuja na kitabu cha mwongozo chenye picha nzuri kuliko vitabu vyote tulivyokuwa navyo. Kilitaka watoto wa darasa la nne wajifunze kuandika programu kwa kutumia mambo ya kutisha, kwa sababu, kilisema, mtoto anayeogopa kidogo hushika haraka. Sikubishana nacho. Mimi mwenyewe jedwali la kuzidisha nililishika kwa kumwogopa mwalimu wangu kule Bukavu, na mpaka leo saba mara nane haijanipotea.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na boga. Lilikuwa limechongwa macho, pua na meno, na ndani yake taa inawaka. Kazi ya mtoto ilikuwa kupanga vipande vya amri vyenye rangi kwenye skrini, kimoja chini ya kingine, ili boga liruke na kucheka. Baada ya wiki tatu za kuwazoeza kila Jumatano kwa vinyama vilivyomo mle ndani ya kompyuta, nikawaonyesha boga, nikangoja wapige kelele. Hawakupiga. Walilitazama boga kwa huruma.

"Madamu, juu ya nini balilikata macho?" akauliza mmoja.

"Ni la kuogopesha."

"Kuogopesha nani?"

Mwingine alitaka kujua kama baadaye litapikwa au litatupwa, maana kwao boga likishakatwa linaliwa siku hiyohiyo na maharage. Darasa zima likaingia katika mambo ya mapishi, na nusu saa yangu ikaenda hivyo. Ukurasa wa pili ulikuwa na mwanamke mzee anayeruka juu ya ufagio. Hapo walicheka mpaka wakashika mbavu. Ufagio wa kwetu ni wa nyasi, mfupi, hauna mpini, unafagia nao ukiwa umeinama. Mtoto mmoja alisimama kabisa akajaribu kutuonyesha pale ambapo yule mama angeweza kukalia, na hakupapata.

Nikafunga kitabu. Hasira zangu ziko karibu, shuleni kila mtu anajua, na siku ile zilinifaa. "Basi leteni ya kwenu," nikasema. "Kila mmoja anisimulie kitu kinachoogopesha nyumbani kwao, tukitie katika kompyuta."

Hakuna aliyeinua mkono.

Hawa si watoto wa kunyamaza. Shule yetu iko kilimani, upande wa Kamembe, na ndege zinapotua hupita karibu na mabati, lakini wao huzishinda kwa kelele. Uwanjani ni Kinyarwanda, daftarini ni Kiingereza, na wale ambao wazazi wao walikulia Congo, kama nilivyokulia mimi, hutupiana Kiswahili kila mahali. Sasa wote walikuwa wanatazama meza. Nikamuuliza huyu, akashusha kichwa. Nikamuuliza yule, akajifanya kamasi zinamsumbua. Nikadhani wameamua kunigomea, nikaanza kuwagombeza, na nikianza huwa sina breki.

Mkono uliinuliwa karibu na dirisha. Alikuwa msichana mdogo wa umbo kuliko wenzake, sweta yake ya shule ilimfika karibu na magoti, na aliuinua kwa upole wa mtu anayetaka kumwokoa mwalimu wake.

"Madamu, jua ingali inawaka. Muntu akitoa hadisi muchana, anageuka mujusi."

Nilitaka kucheka, lakini nikamsikia mama yangu. Alikuwa akituambia hivyohivyo, tukiwa tumekaa jikoni tunamsumbua kwa hadithi saa nane za mchana: ngojeni giza, au mnataka kutambaa ukutani? Nina cheti cha ualimu na cheti cha kompyuta, na nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto mle ndani alilijua. Niliona aibu sana. Nikawaambia, "Mnisamehe, nilisahau." Walinisamehe palepale, wengine wakanitikisia kichwa kwa kunitia moyo.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

Yule msichana alikuwa ameshafikiri. "Tutie usiku kwanza mu mashini," akasema. "Kiisha fisi akuye."

Hakujua alichonipa. Wiki tatu nzima nilikuwa nahangaika kuwafundisha jambo moja, kwamba kompyuta haijipangi yenyewe. Ukimficha mnyama mwishoni mwa programu, ukiianzisha tena atakuwa bado amefichwa. Ukimwacha pembeni, ataanzia pembeni. Watoto walikuwa wakiniita kila dakika, mashini imekufa, mashini imemeza mtu wangu. Nilikuwa nimewaambia kwa lugha tatu, anza kwa kurudisha kila kitu mahali pake, na lugha zote tatu zilikuwa zimepita hewani.

Kuanzia siku ile hapakuwa na haja ya kusema. Chini ya kile kibendera cha kijani kinachoanzisha programu, hakuna mtoto aliyethubutu kuweka kitu kabla ya usiku. Anga iwe nyeusi, mwezi urudi mahali pake, mlango ufungwe, fisi arudi nyuma ya kilima kule mbali. Ndipo mambo yaanze. Walikaguana wenyewe, wakali kuliko mimi. "Umetia usiku?" Aliyesahau aliambiwa mkia umeanza kumtoka. Kwa mara ya kwanza programu zao ziliweza kuanzishwa mara ya pili na ya kumi bila kuharibika, na mimi nikaanza kwenda nyumbani Jumatano jioni nikiimba.

Msichana wa sweta ndefu aliwapita wote. Hadithi yake alipewa na bibi yake, aliyekuwa akimlea huko Nkanka. Mtoto ameachwa nyumbani aangalie sufuria ya maharage, ameambiwa asifungue mlango mpaka baba yake arudi. Fisi amelala kwenye migomba siku nyingi akisikiliza jinsi yule baba anavyokohoa kila anapofika mlangoni, mpaka amejifunza. Usiku huo anakuja, anasimama mlangoni, anakohoa.

Kwa hiyo tulihitaji kikohozi. Watoto wote walikohoa mbele ya kompyuta na hakuna aliyefanana na baba wa mtu. Mwishowe tukamwita mzee wa zamu kutoka getini. Alivua kofia, akauliza kama ni cha ugonjwa au cha kubisha hodi, akakohoa kimoja tu, kizito, cha mtu aliyemaliza siku yake. Mara ya kwanza ndege ilipita tukapata kikohozi na injini pamoja. Mara ya pili kikaingia safi, na darasa lote likageuka kutazama mlango.

Wiki mbili kabla ya siku ya wazazi, bibi yake alikuja shuleni. Mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa barabara, mwendo wa mtu anayekuja kudai haki. Hakukubali kiti.

"Mwalimu, uko nafundisha batoto bongo?"

Nikamwambia, kama tunavyowaita bibi zetu, "Koko, karibu. Uongo gani?"

"Jana saa sita, jua katikati ya kichwa, ule mutoto ameanza kutolea badogo hadisi mu jikoni. Nikamwambia nyamaza, ni muchana. Ananijibu, hapana Koko, ni usiku. Nikamuuliza, usiku wa wapi? Anasema, nimeshatia."

Nilijiuma mdomo nisicheke. Sikufaulu vizuri.

"Unacheka," akasema. "Usiku ni Mungu njo anatia. Mutoto hatii usiku. Leo ametia usiku, kesho atatia mvua, kesho kutwa ataniambia mimi si koko yake. Na hadisi yenyewe anatoa vibaya! Anasema maneno kidogo, anasimama, anasema tena. Mashini inamukula mudomo. Jumatano hatakuya tena."

Akaondoka. Nilibaki nimesimama na chaki mkononi, na kicheko kilikuwa kimekwisha. Nakiri kwamba jambo la kwanza nililofikiri lilikuwa siku ya wazazi na jinsi nilivyokuwa nimeshajiona nikipigiwa makofi. La pili ndilo lililokaa. Yule mtoto alikuwa amerudia darasa la tatu. Alikuwa mtu wa kukaa nyuma na kujifuta asionekane, kama chaki ubaoni, kila nilipomtazama, na Jumatano ndiyo siku pekee niliyowahi kumwona akiwaambia wengine la kufanya. Akiondolewa, angerudi kujifuta.

Jumamosi nikaenda Nkanka. Nilimkuta bibi anachambua maharage kwenye ungo, na mtoto kando yake, macho mekundu. Nikajieleza kwa adabu zote. Nikasema kompyuta itamsaidia kesho na kesho kutwa, nikasema serikali inataka, nikasema kila linalosemwa. Bibi aliendelea kutoa mawe.

"Koko," nikasema mwisho, nimechoka, "kwa nini hadithi haitolewi mchana?"

Alinitazama kana kwamba hatimaye nimeuliza kitu. "Muchana ni ya kazi. Nani atachambua maharage kama wote beko nasikiliza fisi?"

"Basi njoo Jumatano uone kama ni hadithi au ni kazi. Ukiona ni hadithi, nitamrudisha mwenyewe."

Alikuja, na ungo wake. Aliketi nyuma kabisa, akamwaga maharage, akaanza kuchambua, ili ijulikane kwamba yeye mchana wake hajaupoteza. Mtoto alikaa mbele yake na kompyuta. Siku hiyo fisi alikuwa na ugonjwa ambao kila anayeanza huupata: anatembea vizuri mpaka ukingo wa skrini, akigeuka kurudi anageuka miguu juu, anatembea kwa mgongo angani. Mtoto alikifungua kipande, akakitoa, akakiweka kingine. Fisi akasimama wima kwa pua. Akatoa tena. Akahesabu kwa vidole, akafuta, akarudi usiku, akaanza upya. Fisi miguu juu. Akafuta. Saa nzima ikapita hivyo, na sikumsaidia ingawa mikono yangu iliwasha, kwa kuwa nilijua anaweza kuona mwenyewe.

Alipoona, hakupiga kelele. Alibadilisha kitu kimoja kidogo, fisi akafika ukingoni, akageuka kama fisi wa heshima, akarudi kwa miguu yake minne. Mtoto akashusha pumzi na kujipangusa jasho la pua.

Bibi alikuwa ameacha kuchambua kitambo. "Masaa yote haya," akaniambia kwa sauti ya chini, "hajatoa hadisi hata kidogo. Anafumua, anashona, anafumua."

"Ndivyo ilivyo, Koko."

"Hii ni kazi." Alisema kama mtu anayeandika kwenye daftari. Kisha akainua kidole, na nikajua haijaisha. "Siku ya bazazi aonyeshe kazi. Fisi atembee, akohoe. Lakini yenye inafuata ni hadisi, na itakuwa muchana, asiitoe. Magaribi yake atakuya nyumbani, atanitolea yote kwa mudomo, bila mashini. Nikisikia mashini imemukula mudomo, tumemaliza na Jumatano. Na wewe ukuye usikilize, usiseme nilikuonea."

Nikakubali. Ningekubali hata kuchambua ungo wote.

Siku ya wazazi ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, mapazia ya vitenge madirishani ili skrini ionekane. Programu ya mwanafunzi wangu ilianza na usiku, kama zote. Fisi akatoka nyuma ya kilima, akapita migombani, akafika ukingoni akageuka sawasawa, akasimama mlangoni. Kikohozi cha mzee wa zamu kikajaa darasa. Baba mmoja alijishika kifua. Kisha skrini ikatulia.

"Na kiisha?" wakauliza watu watatu kwa pamoja.

"Siwezi," akajibu mtoto. "Ni muchana."

Wazazi wakaguna kwa kuridhika, watu wazima wenye simu mkononi na viatu vya Jumapili, hakuna hata mmoja aliyedai zaidi. Mgeni kijana tu, aliyetumwa kutukagua, aliniinamia akaniuliza kama programu ina kosa. Nikamwambia haina, imekamilika. Akaandika.

Jua lilipoanza kuzama nilipanda pikipiki mpaka njia ya miguu, nikatembea iliyobaki. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya jiko, wajukuu wawili wadogo wamejibana kwake. Alikuwa ameacha kigoda kitupu, akamwonyesha mtoto akikalie. Alinivuta nikakaa upande wake wa kulia. Giza likaingia lenyewe.

Mtoto akaanza. "Kuko nyumba. Kuko mutoto. Fisi anatoka. Anaenda hatua kumi. Anageuka." Alikuwa anasoma vipande. Niliviona vikishuka kimoja chini ya kingine, kijani, bluu, chungwa, na katikati hakuna maharage wala moshi wala mtoto yeyote. Bibi akasonya. Wadogo wakaanza kuchezea vidole vyao vya miguu. Nilitaka kumnong'oneza, na bibi akalijua hilo, akaweka mkono wake juu ya wangu kunizuia.

Mtoto akainua macho. Aliuona uso wa bibi yake, aliuona wangu. Nilingoja ajifute, kama alivyokuwa akijifuta darasani, ainamishe kichwa aingie ndani ya sweta yake. Lakini miezi ile alikuwa ameharibu mambo mbele yangu mara nyingi sana kiasi kwamba kuharibu kulikuwa hakumshtui tena.

"Ngojeni," akasema bila aibu. "Hii haifanye vizuri. Naanza tena."

Akaanza upya, na safari hii alianza na sufuria. Maharage yanachemka, kifuniko kinacheza, mtoto anahesabu vijiti vya kuni vilivyobaki ili asisikie migomba. Wadogo waliacha vidole vyao. Fisi hakuenda hatua kumi. Alikuja kidogo, akalala, akaja kidogo. Mtoto wa kwenye hadithi akasikia jani moja likivunjika, akajiambia ni mbuzi, akakumbuka mbuzi ameshafungwa. Yule msichana alikuwa anaangalia mlango wa jiko nyuma yetu, na sote tulikuwa tumekataa kugeuka.

"Baba?" akasema.

Akangoja. Kwenye kompyuta fisi wake alingoja sekunde tatu kabla ya kukohoa, tulibishana juu ya hizo sekunde wiki nzima, na nikaona midomo yake ikizihesabu. Alipofika tatu hakukohoa. Aliendelea kungoja. Kuni zikapasuka jikoni.

Kisha akakohoa, kikohozi cha mtu aliyemaliza siku yake, akasimama, akawa yule mtoto wa hadithi, akanyoosha mkono kuelekea komeo la mlango wa jiko.

"Usimufungulie!" akapiga kelele bibi.

Wadogo waliruka wakamwangukia mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimenibana mkono hata leo nikikumbuka nausugua, na sikumwambia anaumiza. Nilifurahi, kwa kuwa nilijua Jumatano mwanafunzi wangu atakuwapo kwenye kiti chake. Hadithi ilikuwa ya bibi mwenyewe, mwisho wake aliujua kabla mimi sijazaliwa, na bado aligeuka kutazama mlango.